Akiba ya chakula nyumbani: inunuliwe Julai, iliwe Februari

Ukiingia kwenye intaneti na kutafuta chakula cha dharura cha kuweka nyumbani, utaoneshwa ndoo za plastiki zenye mifuniko ya kukaza. Ndani yake kuna wali, supu na mayai yaliyogandishwa kisha yakakaushwa, na muuzaji anaahidi kwamba vitadumu miaka 25. Biashara hiyo ni kubwa nchini Marekani. Barani Ulaya serikali zenyewe zimelivalia njuga jambo hili. Mwaka 2016 Ujerumani iliwakumbusha raia wake wawe na chakula cha siku 10 ndani ya nyumba; mwaka 2018 Sweden ilipeleka kijitabu cha maelekezo katika kila kaya; na Machi 2025 Umoja wa Ulaya ulishauri kila nyumba iweze kujitegemea kwa saa 72. Wenzetu wanafikiria vita, mafuriko na umeme kukatika.

Sisi wa Kasulu na Kibondo hatuna haja ya kufikiria mbali hivyo. Dharura yetu huja kila mwaka na ina mwezi wake. Hubisha hodi Desemba, huingia ndani Januari, na kufika Februari imekwisha kuvuta kiti na kukaa. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado yako shambani, mabichi. Na katika miezi hiyohiyo ndipo malaria inapopanda, na ada na sare za shule zinapodaiwa.

Tunaandika makala haya tukizifikiria hasa familia za Kagerankanda na vijiji jirani, kwa sababu swali tunaloulizwa na waamini si kama akiba ni jambo jema. Hilo kila mmoja analijua. Wanauliza: tununue nini, kiasi gani, na kitakaaje bila kuliwa na wadudu? Jibu letu kwa ufupi ni kwamba akiba inayofaa kwetu ni mahindi makavu, maharage, mafuta, chumvi na dagaa, vilivyonunuliwa au kutengwa kati ya mwezi wa sita na wa nane, nafaka ikafungwa pasipo hewa. Ndoo za miaka 25 tuwaachie wenye shida nyingine.

Kwa nini Februari ina gharama kubwa

Mvua za huku ni za msimu mmoja mrefu. Huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Mahindi hupandwa mvua zinaposhika na kuvunwa zinapoelekea kuisha, au kiangazi kinapoanza. Maharage tunayapata mara mbili, ya kwanza mnamo Januari, nayo yamewaokoa wengi. Lakini maharage peke yake si ugali.

Mavuno yakishaingia, malori huja. Mahindi ya uwanda wetu huenda Mwanza na Shinyanga, na mengine huvuka mpaka wa Burundi kupitia Manyovu na Mabamba. Mkulima ana madeni ya mwaka mzima, ana harusi ya binti, ana bati la kuezeka. Anauza. Kila mtu anauza wiki zilezile, kwa hiyo bei inakuwa ya chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Miezi saba baadaye mkulima huyohuyo anakwenda sokoni na kisado mkononi kununua mahindi, pengine yale yale aliyoyauza, kwa bei ambayo hataki kuisikia. Mvua zikiwa zimeharibu barabara za vijijini, gari halifiki, na bei inapanda tena.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme gunia la kilo 100 umeliuza kwa shilingi 50,000 mwezi wa saba, na mwezi wa pili unanunua gunia kama hilo kwa shilingi 90,000. Umepoteza shilingi 40,000 kwa gunia moja, na hakuna benki wala kikoba kilichokulipa riba ya namna hiyo kwa fedha ulizopata Julai. Wanaosema mahindi ndani ni mtaji uliolala hawajaifanya hesabu hii.

Lakini hasara ya bei ni ndogo ukilinganisha na nyingine ambayo haionekani sokoni. Kaya isiyo na chakula Januari na Februari hufanya mambo mawili. La kwanza, baba na mama huenda kibarua kwenye mashamba ya wengine ili jioni warudi na unga. Wakati huo shamba lao linamezwa na magugu, maana palizi haingoji mtu. La pili, na baya zaidi, ni kuuza shamba likiwa bichi. Mwenye fedha anakuja, anatazama mahindi yaliyofika kiunoni, anatoa fedha kidogo leo, na mavuno yanakuwa yake. Familia imelima, imepanda, imepalilia, na Juni inatazama magunia yakipita mlangoni kwenda kwa mtu mwingine. Mwaka unaofuata inaanza tena mikono mitupu. Umaskini wa namna hii hauletwi na ukame. Unaletwa na kukosa debe nne za mahindi katika wiki sita.

Kagerankanda ina jambo jingine la pekee. Wakulima wengi wanaolima huko makazi yao yako kwingine, milimani ambako ardhi imebana, na huteremka kufuata mashamba mapana na yenye rutuba. Mazao yao mara nyingi hubaki kwenye vibanda vya shambani hadi usafiri upatikane. Migogoro ya mpaka kati ya mashamba na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini imekuwa habari ya miaka mingi, na hapa hatuandiki kuiamua. Tunasema tu kwamba chakula kilichobaki kwenye kibanda cha shambani bado si akiba. Kinaweza kuliwa na nyani, kunyeshewa, kuibwa, au kuachwa nyuma watu wakiondoka kwa haraka. Akiba ni ile iliyoko nyumbani, chini ya paa unalolala.

Kiasi gani

Majirani zetu wa kambi ya Nyarugusu, ambayo ipo tangu 1996, wanaweza kutufundisha kupima. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hulenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kwa kawaida kipimo chake hukaribia gramu 400 za unga, gramu 120 za maharage au dengu, gramu 20 za mafuta na gramu 5 za chumvi, pamoja na unga wa lishe. Ni chakula cha kumweka mtu hai na mwenye nguvu kiasi, si cha sherehe.

Chukua familia ya watu sita. Kwa siku 30 itahitaji kilo 72 za mahindi, kilo 22 hivi za maharage, lita 4 za mafuta, na kilo moja ya chumvi. Kwa siku 90, yaani kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi mahindi mabichi yanapoanza kuchomwa, ni kilo 216 za mahindi, kilo 65 za maharage, lita 12 za mafuta, na chumvi isiyofika kilo tatu. Watoto wadogo hula pungufu, kwa hiyo tunaweza kusema magunia mawili ya mahindi na zaidi kidogo ya nusu gunia la maharage. Hicho ndicho kiasi kinachotenganisha nyumba iliyosimama na nyumba inayouza shamba bichi.

Katika kitabu cha Mwanzo, Yosefu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Anayevuna magunia 10 akitenga sehemu ya tano anabaki na magunia mawili. Hesabu imeangukia palepale, na sisi hatukuilazimisha.

Kama huwezi miezi mitatu, anza na mwezi mmoja, na uchague kuufungua Februari. Asiyelima, yaani mwalimu, muuguzi, fundi, mwenye duka, afanye hivyohivyo kwa kununua. Mshahara wa Julai na wa Agosti ukitoa gunia kila mmoja, kazi imekwisha.

Mwaka 2023 mgao wa kambini ulishushwa, Machi hadi asilimia 65 na Juni hadi asilimia 50 ya kipimo kamili, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Tunalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, linaonesha kwamba chakula kinachotoka mbali kinaweza kukatika kwa uamuzi uliofanyika mbali. Pili, wako wanaoona unga na mafuta yenye nembo za msaada yakiuzwa kwa bei rahisi na kuyafanya ndiyo akiba yao. Mama anayeuza mafuta ya mgao ana njaa ya kitu kingine, labda sabuni au dawa. Usijenge ghala lako juu ya sufuria yake.

Mahindi

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo akiba nyingi zinapoharibikia.

Hifadhi punje, usihifadhi unga. Unga wa dona una kiini chenye mafuta, nao huanza kuwa mchungu baada ya wiki chache. Sembe hukaa zaidi, lakini umeshalipia kukoboa na umeshapoteza pumba na virutubisho vyake. Punje kavu iliyofungwa vizuri hukaa mwaka na zaidi.

Ukinunua, nunua kwa kilo. Lumbesa, lile gunia lililovikwa kofia ya nyavu juu, ni kosa kisheria na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele miaka mingi. Lakini usidhani ukiwa mnunuzi lumbesa ni faida yako. Gunia lisilopimwa hujui una siku ngapi za chakula ndani yake. Toboa kidogo kwa bambo, toa punje za katikati na za chini, si za juu tu. Zinuse. Harufu ya uvundo ni alama ya ukungu. Tazama kama zimebunguliwa. Chagua mahindi ya mwaka huu yaliyopukuchuliwa bila kupondwapondwa, kwa sababu punje iliyovunjika ni mlango wa mdudu. Na mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa ya rangi, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa, si chakula.

Kisha yakaushe, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni makavu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Unyevu unaotakiwa hauzidi asilimia 13.5. Kipimo cha mashine wengi hatuna, lakini chumvi tunayo. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye mfuniko. Tia vijiko vitatu vya chumvi laini iliyokaushwa juani, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikidondoka yote chini, yamefika mahali pazuri. Yape jua la siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kipimo hiki hukubali hata unyevu unaokaribia asilimia 15.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara zaidi ya watu 60 waliugua na takriban 20 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaopenda nafaka na karanga zenye unyevu. Haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Familia zile zilikuwa na chakula ndani. Hawakufa kwa njaa, walikufa kwa akiba. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, zichambuliwe na kutupwa, na asipewe kuku wala asizipate mtengeneza pombe.

Adui wa pili ni dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimpa jina la Skania, kama lile lori, kwa jinsi anavyosomba mzigo. Fukusi wa zamani alikuwa akila taratibu. Dumuzi hugeuza gunia kuwa vumbi katika miezi michache, na hula makopa ya muhogo pia. Dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka inafanya kazi ikiwa ni halisi, haijapita tarehe yake, na kipimo kimefuatwa. Tatizo ni kwamba yote matatu ni vigumu kuyahakikisha katika duka la kijijini. Na vidonge vya fosfini, vile vinavyotoa gesi, visiingie kabisa katika nyumba wanamolala watu. Gesi yake huua binadamu kama inavyoua wadudu.

Kwa akiba ya nyumbani tunapendekeza mifuko ya tabaka tatu, inayojulikana kama PICS na ambayo wengi huiita mifuko ya kinga njaa. Ilianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, na sasa inapatikana katika maduka mengi ya pembejeo kwa shilingi elfu chache. Kuna mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na wa nje ni wa kiroba cha kawaida. Nguvu yake haitoki kwenye dawa. Wadudu waliomo hupumua mpaka hewa inayowaweka hai inapungua, wanaacha kula, wanaacha kutaga, wanakufa.

Kwa hiyo yote yanategemea kubana hewa. Kabla ya kutia nafaka, jaza kila mfuko wa plastiki upepo kama puto, ubane, usikilize kama unavuja. Tia mahindi kidogokidogo ukishindilia. Kamua hewa iliyobaki, sokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa, ukunje, uufunge kwa kamba ya mpira. Kisha wa pili, kisha wa nje. Vifungo vitatu. Uweke juu ya miti au mbao, mbali na ukuta, mahali ambapo panya hapati kona ya kujificha. Panya akitoboa, umerudi kwenye gunia la kawaida, hivyo paka naye ahesabiwe katika bajeti. Usiufungue mwezi wa kwanza, na usiufungue kila siku kuchota. Ukifika wakati wake, toa cha wiki mbili, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, funga tena mfuko kwa vifungo vile vile vitatu. Usipotoboka, utautumia misimu miwili au mitatu.

Mengine ya kuweka

Maharage huhifadhiwa kwa njia hiyohiyo, na kwa haraka zaidi, kwa sababu mdudu wake huanza shambani. Maharage ya Kigoma yanatafutwa sana Dar es Salaam, kwa hiyo ya kwako yatenge kabla hujaona bei. Yasipite mwaka. Yakizeeka hugoma kuiva, na kuni nazo ni gharama. Yaloweke usiku kucha kabla ya kupika.

Muhogo ni ghala la ardhini. Robo ekari iliyoachwa bila kung'olewa ni akiba isiyohitaji mfuko. Lakini muhogo mchungu una sumu inayotolewa kwa kuloweka au kuvundika siku kadhaa na kuanika, na njaa ndiyo huwashawishi watu wafupishe siku hizo. Huko Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo uliotengenezwa haraka bila mboga yenye protini, na wengi, hasa watoto na kina mama, wakapooza miguu ghafla wasipone tena. Ugonjwa huo huitwa konzo. Kwa hiyo makopa na udaga vitengenezwe Julai na Agosti, jua likiwa kali na tumbo likiwa limeshiba. Viazi vitamu navyo hukaushwa. Wasukuma wana michembe na matobolwa, na hakuna sababu sisi tusiwe nayo.

Mafuta ya mawese kutoka pwani ya ziwa tunayo karibu. Nunua yaliyo safi, yasiyo na maji chini, jaza chombo hadi juu, funga, weka gizani. Mwanga na hewa ndivyo vinavyoyachachusha. Rangi yake nyekundu ni vitamini A kwa watoto wasioona karoti.

Dagaa wa Tanganyika na migebuka mikavu ndiyo nyama ya akiba, ila wasipokauka sawasawa huota ukungu, na wakikauka bado kuna wadudu. Kilo mbili tatu za dagaa zilizoanikwa upya na kufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa zitakaa miezi michache. Usinunue za mwaka. Karanga zihifadhiwe na maganda yake, kwa tahadhari ileile ya sumukuvu.

Chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kutoka chemchemi zake tangu karne nyingi kabla ya wakoloni, na chumvi haiozi. Angalia tu kwamba imetiwa madini joto na uifunike. Sukari pia hukaa. Na asali ya Kibondo ikifungwa vizuri itakaa miaka na miaka bila kudai chochote. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe.

Biskuti za nguvu zile za kwenye pakiti zina kazi yake. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokwama Kagunga kando ya ziwa na kipindupindu kikazuka, biskuti za aina hiyo ziligawiwa kwa sababu mtu asiye na sufuria wala kuni huweza kuzila palepale. Nyumba yenye jiko haizihitaji. Haihitaji pia chakula kinachosubiri maji ya moto safi ili kiwe chakula, na ndivyo zilivyo nyingi za zile ndoo za intaneti.

Akiba na jirani

Liko pingamizi ambalo tumelisikia kwa watu wema: je, kujaza ndani wakati jirani hana si kufanana na yule tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka, aliyekusudia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi? Tunadhani tofauti iko kwenye wakati na kiasi. Anayenunua magunia mawili Julai hamnyang'anyi mtu, kwa sababu soko limejaa. Anamsaidia muuzaji kidogo, na Februari hatakuwa kwenye foleni akipandisha bei. Anayenunua magunia 40 ili ayatoe Februari kwa bei ya kukamua huyo ni mlanguzi, hata kama magunia yamefungwa vizuri. Na anayekimbilia sokoni uvumi wa njaa ukishaenea, akachukua kila kilichobaki, ndiye hasa anayemkosesha jirani, ingawa moyoni anajiona mwangalifu tu.

Hata hivyo wajane, wazee wanaolea wajukuu na wagonjwa hawana fedha hata Julai. Kwao jumuiya ndogondogo ndiyo ghala. Tungependa kuona jumuiya zikianza hivi: kila kaya ilete debe moja, yaani kilo 17 au 18, wakati wa mavuno. Jumuiya ya kaya 15 itapata zaidi ya kilo 250. Yapimwe mbele ya wote, yapitishwe kwenye kipimo cha chumvi, yafungwe kwenye mifuko, yaandikwe kwenye daftari, na funguo ziwe kwa watu wawili ambao si wa nyumba moja. Mwenye kukopa akope debe moja Februari, arudishe debe moja Julai, bila nyongeza. Asiyeweza kurudisha, jumuiya iamue yenyewe. Kina mama wa WAWATA wanaoendesha vikoba tayari wana uaminifu na daftari. Kinachoongezeka ni turubai, chupa na mifuko mitatu.

Kwaresima kwa kawaida hutukuta katika miezi hiyo hiyo. Tunawaomba watu wafunge, na wengi wamekwisha kufunga tangu Januari bila kuombwa. Mfuko wa jumuiya ukifunguliwa siku ya Jumatano ya Majivu, sadaka itakuwa imeandaliwa tangu Julai.

Kwa anayeanza mwaka huu, hii ndiyo ratiba tunayoipendekeza. Juni: tenga au nunua mahindi kabla lori halijaondoka, anika. Julai: pima kwa chumvi, funga, nunua mafuta na chumvi. Agosti: maharage, makopa, asali. Dagaa ziache hadi Novemba. Juu ya kila mfuko andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kufunga, uzito, na tarehe ya kufungua, na mwenye nyumba pamoja na mama wa nyumba wakubaliane mapema kwamba kabla ya tarehe hiyo mfuko haufunguliwi kwa ajili ya harusi, bati, wala mgeni wa kutoka mjini.